Uzi Mwekundu Kwenye Barakoa

"Hivi jirani, mafua siku hizi yanajipaka manukato? Maana nimepishana na mgonjwa wako, ananukia huyo!"

Swali hilo jirani alimuuliza fundi cherehani juzi, wakianika nguo. Fundi akacheka.

"Umemfananisha."

Mchumba wake, tabibu wa chuo, si alikuwa karantini? Ujumbe anao kwenye simu: "Mpenzi, mafua ya wanafunzi yamenikumba na mimi. Nimefungiwa siku saba. Usije, nitakuambukiza. Niombee." Akamwombea, na siku mbili akafunga. Ndoa ilikuwa mwezi ujao.

Leo asubuhi matroni wa chuo akapiga simu.

"Fundi, barakoa zimeisha! Bweni la pili limejaa wagonjwa, na wazima wako kwenye foleni ya chanjo. Lete ulizonazo!"

"Nakuja, mama."

Mlangoni pa zahanati akanawa kwenye ndoo ya sabuni, akatua mfuko mezani kwa karani anayeandika majina. Pembeni mwa barakoa ya karani palikuwa na kishono cha uzi mwekundu. Katika barakoa mia nne alizoshona, ni moja tu aliyoitia uzi ule: ya mchumba wake.

"Mdogo wangu, hiyo umeipata wapi?"

"Hii?" Karani akaona haya. "Kanipa mwenye moyo wangu. Kasema kaniagizia kwa fundi, uzi ndio alama yetu."

"Ndiye nani huyo?"

"Si tabibu! Yumo humo anachoma sindano."

"Hayuko karantini?"

"Karantini ipi? Wiki nzima tunashinda naye hapa."

Fundi akafunua pazia. Tabibu, sindano mkononi, akatoa macho.

"Aa... dada fundi! Karibu."

"Dada fundi? Jumapili nilikuwa mke mtarajiwa."

Karani akasimama. "Mke wa nani?"

"Subirini, jamani! Barakoa yake ililowa, nikamwazima tu."

Mwanafunzi aliyekuwa amekunja shati asubiri kuchomwa akasonta tangazo ukutani.

"Lakini tabibu, hili si umeliandika wewe? 'BARAKOA HAIAZIMWI, HATA KWA UMPENDAYE.'"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mapenzi kikohozi," mmoja akadakia, "na leo kakohoa hadharani!"

Karani akaanza kuivua barakoa, machozi yakimlengalenga. Fundi akamshika mkono.

"Usivue, mdogo wangu. Ugonjwa upo kweli, aliyedanganya ni mtu. Barakoa baki nayo. Uzi ni wangu."

Akatoa mkasi mkobani, akakata fundo, akauvuta uzi taratibu hadi ukaisha.

"Mpenzi, nisikilize..." tabibu akaanza.

Pembeni yake palikuwa na boksi la sindano zilizokwisha kutumika, lile ambalo kikitumbukia kitu hakuna wa kutia mkono. Fundi akavua pete ya uchumba, akaitumbukiza humo. Ikalia ndi!

Akauviringa uzi wake kidoleni palipokuwa na pete, akanawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, akatoka.