Finjani Isiyotikiswa

Harufu ya nyasi kuungua iliingia sebuleni kwa Muhanna, pale Ibra, Omani, wiki ile ile alipotundika nishani ya babu yake mkuu ukutani. Akawalaumu majirani kwa kuchoma taka, akafunga madirisha, na harufu ikabaki ndani.

Nishani ililetwa na shangazi yake kutoka Unguja, miaka ile ya tisini. Babu huyo, Jemadari Khattab, alivishwa zama za masultani, kwa kuvunja boma la wakaidi huko bara, karibu na Tabora. Kila mgeni alipewa kahawa na hadithi hiyo, apende asipende. Bi Ghanima, mama yake Muhanna, mzaliwa wa Tabora, huinamisha kichwa kila akiisikia. Yeye ndiye aliyemwambia mwanawe ukweli: bomani mlikuwa na wanawake na watoto tu, na jemadari aliukomea mlango kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaamuru moto. Muhanna aliyameza hayo, akaendelea kusimulia vita.

Alasiri moja watu wa mji wa Sur walikuja kumposa binti yake, Lujain. Kwao mgeni akitosheka na kahawa huitikisa finjani, asipotikisa, huongezwa. Mara kelele zikatoka ndani kwa wanawake: Lujain anakunywa kahawa ya moto wa kuunguza, ananyoosha finjani, hatikisi, anakunywa tena. Akatokea mlangoni na finjani yake, midomo imevimba, akisema kwa sauti ya kizee lugha ambayo hakufundishwa na mtu. Kinyamwezi.

"Nani wewe, na wataka nini?" Maalim Mahrous, aliyekuja kusoma fatiha ya posa, aliuliza taratibu.

Bi Ghanima, aliyemfuata mjukuu wake, akafasiri kwa kunong'ona. "Asema ni mgeni wa nyumba hii. Hataki ubani, hataki damu. Ataka mwenye nyumba aisimulie nishani kama ilivyokuwa. Mbele ya wageni."

"Wallahi, Mama, mbele ya wakwe?"

"Mtoto anaungua, mwanangu."

Harufu ikazidi, moshi hauonekani lakini machozi yanawatoka watu wote, na nyuma ya ukuta, upande usio na chumba, viganja vikawa vinapigapiga, vingi, vingine vidogo vya kitoto, vikipanda vikishuka kama vinautafuta mlango, hata Muhanna akafumba macho akaanza kusema, uso umemuiva kwa aibu: kwamba hakukuwa na vita, kwamba walikuwa wanawake na watoto, kwamba askari walichoma.

"Na mlango?" Bi Ghanima alimuuliza.

Muhanna akawatazama wakwe. "Moto ulikuwa mkubwa, Mama. Mambo ya mlango nani ayajuaye?"

Lujain akamkodolea macho, akatabasamu, akasema neno.

"Asema msichana hana kosa," alifasiri Bi Ghanima.

Finjani ikatikiswa. Lujain akaanguka, akamlilia bibi yake kwa sauti yake mwenyewe. Viganja vikanyamaza. Wageni wakashusha pumzi, wakasema ya kale yamepita, posa wameikubali. Maalim Mahrous akachukua dele la kahawa akamimina kwa furaha, akaanza na mwenye nyumba.

Muhanna akanywa. Akataka kutikisa, mkono ukakataa. Akajazwa, akanywa, ulimi ukamchubuka, na kiwiko kikanyooka chenyewe.

Bi Ghanima akajifunika mtandio usoni. Aliona haya kuwa ndiye aliyemzaa. "Sema mlango," alimnong'oneza.

Muhanna akawatazama wakwe zake, wote wanacheka.

"Niongeze, Maalim," alisema.