Klaudia Aliombolezwa Akiwa Hai

Klaudia alikuwa kibanjani kwake, kwenye migomba yake kijijini Izigo, akikata mkungu wa ndizi, aliposikia kilio. Akatega sikio. Kilio kilitoka nyumbani kwake!

Alikimbia na panga mkononi. Sebuleni nyasi mbichi zimetandazwa kama desturi ya msibani, wanawake wamejaa. Anatolia, shangazi wa mumewe, alilia mpaka mbuzi wa jirani wakaacha kula.

"Nani amekufa?" Klaudia aliuliza.

"Ni wewe, waitu, mpendwa wetu," shangazi alijibu.

"Mimi?"

"Bado. Lakini tumewahi."

Protase, mumewe, aliinamisha kichwa. Jana Klaudia alikuwa amemweleza kwamba zahanati wamemkuta na madoa kwenye mlango wa kizazi. Yasipotibiwa yanaweza kugeuka saratani. Leo saa nane arudi atibiwe. Protase aliposikia saratani, hakungoja mengine. Aliita ukoo mzima.

"Zahanati huendi!" shangazi alisema. "Saratani ikiguswa inatapakaa. Mama yangu alikatwa, akafa."

Klaudia aliweka panga chini, akaketi. Labda shangazi anajua?

Edvina, muuguzi wa zahanati, alikuwa akipita kwenda kazini. Kilio kikamvuta ndani, akayasikia maneno ya shangazi.

"Shangazi, mama yako aliumwa lini?" aliuliza.

"Mwaka wa vita vya Amini."

"Mambo yamebadilika! Protase, zamani mgomba ukishikwa na mnyauko mlifanyaje?"

"Tuling'oa shina lote, na watoto wake."

"Na siku hizi?"

"Unawahi kukata ule mmoja unaougua. Watafiti walitufundisha."

"Basi na madaktari wana watafiti wao! Zamani walikuwa na kisu tu, wakakata nyama nyingi. Miaka mia na zaidi iliyopita wakapata mionzi. Zikafuata dawa za kuua saratani. Halafu wakamnasa mkosaji! Saratani hii ya mlango wa kizazi, karibu yote, huanzishwa na kirusi. Ndiyo maana leo wasichana wanachanjwa."

"Madoa mliyaonaje?" Protase aliuliza.

"Tulipaka siki, yakawa meupe."

"Siki ya kachumbari!" shangazi alishangaa.

"Ndugu yake, ila hii imepimwa kwa kazi hiyo. Leo tunayaunguza kwa kifaa cha joto, dakika chache tu. Klaudia hana saratani. Tunaizuia kabla haijazaliwa!"

Klaudia alisimama.

"Shangazi, nipishe njia."

Alitibiwa siku hiyo hiyo, akarudi nyumbani kwa miguu yake kabla ya jua kuzama. Baada ya mwaka alipimwa tena. Hakuna doa! Alipiga vigelegele ambavyo, wanasema, wavuvi wa kisiwa cha Goziba, mbali ziwani, walivisikia.

Wiki iliyofuata, wanawake kumi na mmoja walipanga foleni zahanati. Mbele yao alisimama shangazi Anatolia, mkongojo mkononi.

"Muuguzi, mimi umri wangu wa kipimo umepita," alisema. "Lakini hawa nimekuletea. Atakayekimbia, niachie mimi."