Viazi Vilivyoanikwa Juani

Kwa Adèle siku inaanza na moshi wa jikoni. Kule juu Masereka asubuhi ni baridi, na mtu hashiki jembe kabla ya kushika kikombe cha uji. Mume wake Malachie anakunywa haraka, anakwenda shambani. Wanalima viazi, poro, yaani vitunguu vya majani, na shu, yaani kabichi. Watoto wanakwenda shule. Nyumbani anabaki Jokébed, binamu wa Adèle, na mtoto wake mdogo mgongoni.

Jokébed si mtu wa Masereka. Alitoka Kasugho, upande wa msitu, alipokimbia vita. Kwao alilima muhogo na ndizi. Viazi alivijua kama chakula cha sikukuu tu. Alifika na kikwembe kimoja cha kujifunga na mtoto, na Adèle akampa kitanda. Tangu hapo hakukaa bure. Alichota maji, alipalilia, alipika. Majirani wakaanza kusema kwamba mkono wake ni mtamu.

Mimi ninafundisha watu wazima kusoma kijijini hapo, na Adèle ni mwanafunzi wangu. Haya ninayoandika niliyaona, na mengine niliambiwa na wenyewe.

Kila mwaka, baada ya mavuno, kijiji kinafanya siku ya kuonja. Wageni wanapanda kutoka mji wa Butembo: wafanyabiashara, wenye restora za kuuza chakula, familia za parokia. Wanatembezwa mashambani, wanashika udongo, wanauliza maswali. Kisha wanakaa chini na kula yale yaliyotoka pale pale. Mtu akipenda alichoonja, anarudi kununua. Ni jambo zuri sana. Ninalisema mapema, kwa sababu yanayofuata yatakukasirisha kama yalivyonikasirisha mimi.

Mkubwa wa komite ya siku ya kuonja ni Zorobabel. Ni mtu wa kujituma, lakini anapenda mno mambo yaonekane. Kama angeweza, angemvalisha hata mbuzi wake kravati shingoni. Wiki mbili kabla ya wageni kufika alikuja kwa Malachie, kwa sababu nyumba ile iko karibu na barabara.

"Malachie, bageni bote batapitia hapa kwenu," alisema. "Sitaki baone biazi ya udongo. Muisafishe na maji, muitandaze pa bâche, ibakie inje mpaka siku yenyewe. Ikuwe inangaa."

Adèle aliuliza, "Na jua, président?"

"Jua iko na shida gani? Mu formation balitufundisha kama kiazi inapenda mwangaza."

Malachie alikubali. Walivuta viazi kutoka gizani ndani ya ghala, wakaviosha, wakavitandaza juu ya bâche, turubai la plastiki. Jua la mchana likavipiga siku baada ya siku. Ngozi ya viazi ilikuwa nyeupe. Polepole ikaanza kugeuka rangi ya majani, kwanza upande mmoja, halafu pande zote. Zorobabel alipita, akatazama, akafurahi.

"Ona vile iko fresh," alisema.

Siku ya kuonja ilifika. Adèle na Malachie walikuwa shambani na wageni. Jokébed alikuwa jikoni na sufuria kubwa. Alichemsha viazi pamoja na maganda, jinsi Zorobabel alivyotaka, ili wageni waone ngozi ile nzuri. Alikula kimoja kujaribu. Kilikuwa kichungu, na koo likamwasha kidogo. Aliwaza kwamba labda viazi vya milimani ndivyo vilivyo. Aliona haya kuuliza, maana mwenye kupewa kitanda hapendi kusumbua. Akampa mtoto wake kipande, akaendelea kupika.

Wageni walikula viazi kwa maharagwe na lengalenga, mchicha wa kwetu. Mama mmoja wa restora alikunja uso.

"Lakini hii biazi iko muchungu," alisema.

Zorobabel alicheka. "Mama, njo ladha ya huku kwetu juu. Batu ya muji muliisha kuisahau."

Basi mama yule akala. Wengine nao wakala, kwa heshima, pamoja na watoto na wazee wa kijiji. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Ulimi wa mtu unamwambia kwamba chakula hiki ni kibaya, na mkubwa mmoja, kwa ajili ya sifa zake, anamwambia ulimi wake ni mjinga.

Jioni ile matumbo yalianza. Watoto wa Adèle walitapika. Wazee wawili waliharisha mpaka wakashindwa kusimama. Kesho yake simu zikalia kutoka Butembo: wageni nao walikuwa wagonjwa, wakiumwa na vichwa na matumbo. Hakuna aliyekufa, na namshukuru Mungu. Lakini kabla hata ya watu kupona, kijiji kilikuwa kimekwisha kupata jibu lake.

Sumu. Na nani alipika? Yule wa Kasugho.

Zorobabel alikuja uani na vijana nyuma yake. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Malachie, sisi tunakula biazi tangu babu zetu," alisema. "Hatuyakuwa na ugonjwa ya hivi. Huyu mwanamuke alikuja, na sasa batu banatapika. Unataka nikuambie nini zaidi? Atoke mbele ya siku ya Yenga, siku ya misa."

Jokébed alikuwa amekaa mlangoni. Midomo yake ilikuwa imekauka. Yeye pia alikuwa ametapika tangu jioni ile, na mtoto wake alikuwa amelala mapajani kama kitambaa. Aliwatazama wote, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikula ku sufuria moja na beye. Mutoto yangu alikula. Mutu anaweza kuua mutoto yake?"

Kijana mmoja alitema mate chini.

Niulize tena, kwa sababu kijiji hakikuuliza: nani anatia sumu, kisha anakula, kisha anamlisha mwanawe? Swali hili hata mtoto wa shule angeliuliza. Lakini mtu akiwa mgeni, akiwa mkimbizi, akiwa mwanamke asiye na mume karibu, watu wazima wanasahau kuuliza. Na sote tunajua katika nchi yetu neno hilo sumu linampeleka mtu wapi. Kuna wanawake waliopigwa kwa ajili yake. Kuna waliochomewa nyumba.

Walipoondoka, Malachie alishika kichwa.

"Adèle, tufanye aje? Aende kidogo kwa mama yetu mukubwa ku Lubero, mpaka maneno ipoe."

"Akienda, batasema alikimbia juu ni yeye alifanya," Adèle alijibu. "Na batamufuata kule. Hapana, Malachie. Akitoka huyu, mi pia natoka."

"Sasa tutamuita nani?"

"Jemima. Batoto bangali bagonjwa, na beye banatafuta muchawi. Muite muganga."

Jemima ni mwuguzi wa kituo cha afya, na mwenyewe analima viazi nyuma ya nyumba yake. Alikuja mchana huo huo. Hakuanza na maneno ya sumu. Alianza na watoto. Alishika ngozi ya matumbo yao, akatazama macho yao, akachanganya maji ya chumvi na sukari kutoka kwenye pakiti, akawaonyesha jinsi ya kunywesha.

"Kidogo kidogo, na kijiko," alisema. "Akitapika, ungojee kidogo, urudilie. Akishindwa kabisa kunywa, ao akilala sana na haamuke, mumulete ku centre mbio. Musingojee."

Alimtazama na mtoto wa Jokébed vilevile. Huyo alikuwa dhaifu kuliko wote, na alimkalia muda mrefu. Halafu akauliza, "Mulikula nini?"

Adèle alimpeleka kwenye bâche. Viazi vilivyobaki vilikuwa bado pale. Jemima aliokota kimoja, akakwangua ngozi kwa ukucha. Chini ya ngozi kulikuwa kijani kama jani la shu. Akakata kipande, akagusa na ncha ya ulimi, akatema.

"Nani aliweka hii pa jua?" aliuliza.

Adèle akamweleza yote. Uso wa Jemima ulibadilika.

"Muite Zorobabel," alisema. "Na bale bijana yake."

Walikuja, na nusu ya kijiji ikaja nyuma yao. Jemima aliinua kiazi juu ili wote waone.

"Hii njo sumu munatafuta," alisema. "Hakuna mutu aliitia. Kiazi yenyewe njo inaifanya. Kiazi inakomalaka chini ya udongo, mu giza. Ukiiacha pa mwangaza siku mingi, inageuka rangi ya majani, na inatengeneza sumu ndani ya ngozi. Ile uchungu mulisikia, njo alama."

Zorobabel alitikisa kichwa. "Lakini ilipikwa. Moto inaua sumu yote."

"Hii hapana. Uchemushe, ukaange, sumu inabakia."

"Mu formation balitufundisha kama kiazi inapenda mwangaza."

"Ile ya kupanda," Jemima alijibu. "Mbegu tunaiweka pa mwangaza kidogo, hapana pa jua kali, ili itoe macho ya nguvu. Ile ya kula inalala mu giza. Wewe ulisikia neno moja, ukaacha lingine."

Mama mmoja aliuliza, "Sasa ikikuwa na kijani kidogo tu, tutupe?"

"Ikikuwa kidogo, kata ile sehemu yote, na ganda uitoe nene. Macho pia uitoe. Ikikuwa kijani mahali mingi, ao ukionja iko muchungu, tupa. Usipatie mutoto, usipatie mbuzi. Na kama ungali na nafasi mu shamba, ipande."

"Na kuosha?"

"Osha siku ya kupika. Ikilala na maji inaoza. Ikilala na udongo mukavu, mu giza, pahali pa baridi, penye hewa, inakaa muzuri."

Watu walianza kunong'ona. Wengi walikuwa wanamtazama Zorobabel, na yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitegemea kwamba atasema neno. Alisema tu kwamba ana kazi, akaondoka. Vijana wakaondoka naye. Yule aliyetema mate alipita mbele ya Jokébed bila hata kumsalimu.

Nilikasirika siku ile kuliko siku ya mashtaka. Mtu akikosea kwa kutojua, tunamfundisha. Lakini huyu sasa alijua, na bado alikwenda zake, akimwacha mwanamke mlangoni na jina lililochafuliwa.

Wiki ile Malachie na Adèle walifanya kazi. Viazi vya kijani walivitenga kwa mbegu. Vilivyokuwa laini walivizika. Malachie aliziba madirisha ya ghala kwa mbao, akaacha matundu madogo chini na juu ili hewa ipite. Alitengeneza kitanda cha miti ili viazi visiguse chini. Watoto walipona. Mtoto wa Jokébed alikawia, lakini naye akarudi kunyonya. Majirani walikuja kuona ghala, wakatengeneza ya kwao.

Zorobabel naye alikuja, jioni moja, peke yake, na kuku mikononi.

"Mama Jokébed," alisema, "nilikuletea hii. Yale maneno iishe."

Jokébed hakumpokea kuku.

"Papa Zorobabel, ulinisema wapi?"

"Hapa. Hapa kwenu."

"Mbele ya nani?"

Zorobabel alimbana kuku kwapani.

"Ulinisema mbele ya batu," Jokébed alisema. "Leo unakuja pa giza na kuku. Nikienda ku mutoni, bamama bangali banavuta batoto yabo bakiniona. Kuku hii itabaambia nini? Irudishe. Maneno uliitoa mbele ya batu, uiondoe mbele ya batu."

"Na bageni ya Butembo je? Balisikia pia."

"Basi ubaite."

Malachie alinieleza kwamba Zorobabel alisimama pale muda, kuku akipiga mabawa, kisha akaenda bila kuaga. Alidhani hatarudi tena. Lakini viazi vya kijiji kizima vilikuwa vinangoja wanunuzi, na hakuna mtu wa Butembo aliyetaka kupanda kuja kula sumu ya Masereka. Bila wageni hakuna soko. Na wageni hawatakuja mpaka wajue kilichowaumiza. Zorobabel alilijua hilo, na labda, nataka kuamini, aliona haya pia. Aliwapigia simu mmoja mmoja.

Walikuja wachache. Mama wa restora alikuja, ameshika mkoba wake kama mtu aliye tayari kuondoka. Jemima aliwapeleka kwanza ndani ya ghala lenye giza. Aliwaonyesha kiazi cheupe na kiazi cha kijani, akawaacha wavikwangue wenyewe. Halafu wakakaa. Viazi vilikuja vimemenywa, vyeupe, na sombe ya majani ya muhogo pembeni. Aliyepika ni Jokébed.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama wa restora alimtazama Jokébed, akamtazama Zorobabel.

Zorobabel alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Sumu ilitoka kwangu," alisema. "Mi njo nilisema biazi iwekwe pa jua, juu nilitaka ingae. Huyu mama alipika kile tulimupatia. Yeye mwenyewe alikula, akaugua, na mimi nikamuitia bijana. Nilimusingizia. Mama Jokébed, mbele ya hawa bote, naomba unisamehe."

Aliinua sahani tupu kwa mikono miwili, akaipeleka mbele ya Jokébed.

Jokébed alimjazia mpaka ukingoni. Hakuwa amemsamehe bado, aliniambia mwenyewe. Lakini alitaka wote wamwone Zorobabel anakula chakula cha mkono wake.