Mbegu ya Saba

Kila alipotoka shule, Chiriku alitupa mkoba mlangoni na kukimbilia bustani iliyokuwa nyuma ya jiko. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na mikono yake ilikuwa hivyo hivyo. Alifukua mbegu za maboga moja baada ya nyingine, akazitazama, akazifukia tena.

Mbegu zilikuwa saba, za mwisho katika nyumba ile. Bibi yake alikuwa amevunjika nyonga, na kwa wiki mbili alikuwa akirudisha chakula bila kukigusa. Alichotamani ni maua ya maboga tu, yale ya manjano, yapikwe na kitunguu.

"Zimeota, mjukuu wangu?" aliuliza kila jioni.

Zilikuwa zinaoza. Moja ilitoa kijimzizi cheupe, naye akakikata kwa kidole alipokuwa akichungulia. Angemwambiaje bibi?

"Zimeota, bibi. Zina majani mawili mawili."

Siku hiyo bibi alimaliza uji. Chiriku alifurahi, kisha akaogopa.

Jumamosi, mjomba wake seremala alimbeba bibi kwenye kiti hadi bustanini. Bibi aliutazama udongo mtupu kwa muda mrefu. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.

"Nilizifukua kila siku," Chiriku alisema huku akilia. "Zote sita zimekufa."

"Nilikupa saba."

"Ya saba niliipanda karibu na ukuta. Nilipoitafuta sikuiona."

Bibi alirudishwa kitandani, na jioni uji wake ulipoa bila kuguswa.

Tangu hapo Chiriku alimwagilia maji pale ukutani, kisha akafunga mikono nyuma isije ikamponza tena. Siku nne zilipita. Alikata tamaa kabisa, na bibi alizidi kukonda, lakini kila jioni alisema kweli: "Bado hakuna kitu, bibi."

Siku ya tano aliingia akitembea polepole.

"Kuna kichipukizi kimoja, bibi. Kimeinama kama mtu anayetafuta sindano."

"Umekigusa?"

"Sijakigusa."

Bibi alinyoosha mkono. "Nisogezee uji. Mbegu hiyo imepona kwa sababu hukuiona, mjukuu wangu. Mbegu inataka subira, na mgonjwa anataka kweli. Ule uji wa siku ile niliunywa kwa uongo wako, ukanigeukia tumboni. Huu wa leo utakaa."