Ukuta Usiotaka Haraka

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu, na mshonaji alisimama katikati ya foleni akisubiri saruji, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa ameisahau hapo tangu asubuhi. Gauni lake la buluu lilishashika vumbi pindoni.

"Saruji ya nyumba gani hiyo?" akauliza mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

"Ya marehemu bibi yangu. Ile ya kona, yenye madirisha ya mbao. Kwani inakuhusu?"

"Mimi ni afisa wa majengo ya kale. Ukipaka saruji pale nitausimamisha ujenzi, dada. Wewe nitakuacha ukae."

Mshonaji akacheka bila kupenda. Shati la yule bwana lilinyooshwa pasi vizuri, lakini viatu vilijaa chokaa tupu. Akatoka dukani na mifuko ya chokaa na namba ya simu ya afisa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zile zinazolindwa na sheria, na tangu bibi afariki alikaa humo peke yake. Alitaka kumjengea mama yake chumba uani, maana magoti ya mama yalishakataa ngazi. Akaruhusiwa kwa masharti: chumba kisizibe dirisha la zamani la nyuma, na kuta zipakwe chokaa tu. Afisa akaja kukagua msingi, akabaki kunywa chai. Basi, chai ile ndiyo iliyoleta simu za kila jioni, afisa akimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake.

"Fundi, umeunyunyizia ukuta maji? Chokaa ikikauka haraka inapasuka."

"Nimenyunyizia, Bwana Chokaa. Na mimi je, nani ataniuliza kama nimekula?"

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nilikuwa nasubiri uulize."

Kuta ziliposimama, siku ya ukaguzi hakuja yeye. Alikuja mama mmoja wa miwani, mfanyakazi mwenzake, akatazama dirisha la nyuma na kutikisa kichwa. "Ukuta umelipanda dirisha. Toa mistari miwili ya matofali."

Mshonaji akampigia afisa simu. "Umemtuma mwenzio aje kunibomolea?"

"Kazi yako nimemwachia yeye. Na mpaka aimalize, tusipigiane simu. Ofisini kuna utaratibu, Fundi, ngoja nikuele..."

"Utaratibu wa kumkimbia mtu? Ungesema tu umenichoka."

Akakata. Afisa hakupiga tena, na hilo ndilo lililomuuma kuliko matofali.

Jamani, upweke una namna yake. Zamani aliishi peke yake na maisha yakaenda, ila sasa alishazoea kuulizwa. Kikombe cha pili akakipandisha juu kabisa ya kabati. Mafundi wakashusha ukuta, wakapaka chokaa, wakaenda zao. Kila asubuhi na jioni alichukua ndoo akanyunyiza maji kama alivyofundishwa, pamoja na hasira zake zote. Jioni moja akajikuta akiuambia ukuta, "Leo nimekula." Akaona aibu, akakaa juu ya ndoo akalia.

Mama wa miwani aliporudi, alipitisha kiganja ukutani taratibu. "Hauna ufa hata mmoja. Nani alikufundisha?"

"Mtu aliyenitupa."

Yule mama akavua miwani. "Kwani hukuambiwa? Alisimama mbele ya mkuu wetu akasema hawezi kukagua nyumba anayotamani kuishi ndani yake. Akaamriwa akae mbali nawe mpaka kazi ipite, isije ikasemwa umependelewa. Anazunguka ofisini kama mgonjwa. Haya, chumba nimekipitisha. Mpigie, sote tupumzike."

Akampigia akiwa palepale uani.

"Bwana Chokaa."

Ikajibu sauti ileile: "Fundi. Umekula?"

Akafuta macho kwa ncha ya tepu.

"Nisamehe," akasema mwishowe. "Sikukupa nafasi ya kumaliza."

"Na mimi nilipaswa kuja kukueleza ana kwa ana kabla sijamwachia mwenzangu kazi yako. Mama anahamia lini?"

"Jumamosi."

"Basi Jumamosi nitakuja na baba yangu mdogo. Tuna maneno na mama yako."

"Jumamosi ni mbali," mshonaji akasema. "Njoo leo, tule kwanza."

Akaingia jikoni, akavuta kigoda, akapanda kukishusha kile kikombe.