Wimbo Uliofungiwa Ndani ya Diski

Enyi watu wa Kakuma, nanyi wa Lodwar mnaoishi kando ya mto Turkwel, sogeeni karibu. Habari hii ni ya nyumba moja tu, lakini anayeisikiliza asikimbilie kumcheka jirani. Atazame kwanza kwake.

Mwaka ule wa 1998, Jumamosi moja alasiri, nyumba ya Duop na mkewe Nyaruach, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ilikuwa imetulia kabisa. Upepo wa vumbi ulikuwa umepumzika. Nyaruach alikuwa akikoroga uji wa mtama, mtoto wao Jal amelala mkekani, na Duop, mwinjilisti wa kanisa la wakimbizi wa Sudan, ameketi mbele ya kompyuta yake ya kukunja. Aliachiwa hiyo na mfadhili mmoja aliyepandia ndege Lokichoggio kurudi kwao, na umeme wake ulitoka kwenye jenereta ya kanisa. Kambi nzima iliijua kompyuta hiyo, na Duop alipenda sana ijulikane.

Ndani yake mlikuwa na nyimbo za kanisa zaidi ya mia, zote za mama yake Nyaruach, bibi Nyagoa. Bibi alizitunga njiani wakikimbia vita, na nyingine alizitunga hapa hapa kambini. Hakujua kusoma wala kuandika. Yeye aliimba, mkwewe akapiga chapa. Na kwa kuwa kwao Wanuer mama mkwe huheshimiwa hasa, wawili hao hawakukaa uso kwa uso. Bibi aliketi upande mmoja wa ukuta wa matete, Duop upande wa pili, sauti ikapenya na vidole vikaifuata.

Wimbo wa mwisho bibi aliutunga akiwa mgonjwa, kabla ya Jumamosi hiyo. Siku hiyo Nyaruach alikuwa kwenye foleni ya mgao wa chakula. Aliporudi na gunia kichwani, Duop alimpokea mlangoni.

"Mama Jal, mama ametunga wimbo mpya. Amekutaja kwa jina!"

Nyaruach alilitupa gunia chini. "Mimi? Niimbie sasa hivi!"

"Hapana. Nikikuimbia leo, kesho kinamama wote wa bombani wanao. Utausoma kitabu kikitoka."

Bibi Nyagoa hakuwa tena na nguvu za kuurudia. Alifariki juma lile lile, na Nyaruach akabaki na kiu ya wimbo ule mchana na usiku.

Mnauona ugonjwa wa nyumba hii? Ni choyo. Duop alitaka kitabu cha nyimbo kitoke Nairobi kikiwa na jina lake juu, na aliogopa wainjilisti wa makanisa mengine wasije wakamtangulia. Kwa hiyo alikataza nyimbo mpya zisiimbwe ibadani. Kompyuta hakumruhusu hata mkewe kuifungua. Nakala hakumpa mtu, hata yeye mwenyewe hakujiwekea nyingine. Na jamani, nyimbo zote zile zingeenea kwenye disketi moja, kitu cha kuingia mfuko wa shati!

Basi Jumamosi hiyo, katikati ya utulivu ule, kompyuta ilitoa sauti. Krrr, ikanyamaza. Krrr tena, kwa nguvu zaidi, kama jiwe la kusagia mtama lisilo na mtama.

"Baba Jal, hicho nini?" Nyaruach aliuliza, mwiko mkononi.

"Diski ya ndani, inayotunza maandishi, inafanya kazi. Hiyo ni sauti ya kazi."

"Mbona zamani ilifanya kazi kimya?"

Duop alifungulia redio. Ndiyo dawa aliyoipata! Kila diski ilipolia, yeye aliongeza sauti ya redio, na wageni wakija aliwasha na kaseti ya kwaya juu yake, ili mtu asijue kwamba kompyuta ya mwinjilisti imezeeka. Majirani walidhani nyumba ile ina furaha sana siku hizo.

Nyaruach hakudanganyika. Kila juma alimwambia mumewe, "Weka nyimbo kwenye disketi. Mtafute mwalimu Jerotich wa Lodwar, yule aliyekuja kutufundisha kompyuta, atakusaidia." Na kila juma Duop alijibu, "Nimpe Jerotich nyimbo zangu? Ashinde anazisambaza?" Nyimbo zangu! Mwenye nyimbo alikuwa kaburini.

Asubuhi moja Duop aliwasha kompyuta. Ilipiga kelele, ikagonga tak, tak, tak, kisha kioo kikabaki cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe. Alizima, akawasha. Akaipiga kofi ubavuni. Tak, tak, tak. Duop aliketi chini kwenye vumbi akashika kichwa.

Nyaruach hakuketi. Alimfunga Jal mgongoni, akaifunika kompyuta kwa kanga yake, akatoka mbio.

"Unakwenda wapi?" Duop alimwita.

"Lodwar! Inuka, twende!"

Gari la kanisa lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo pamoja na msafara wa askari wa kulinda njia, na dereva wake, Lotiir, alikuwa tayari anakanyaga mafuta. Nyaruach alisimama mbele ya gari na mikono juu.

"Mama, ejok?" Lotiir alimsalimu Kiturkana akichungulia dirishani. "Unataka gari ikuue?"

"Nipeleke Lodwar, ndugu yangu. Nina mgonjwa."

"Na karatasi ya kutoka kambi iko?"

Hawakuwa nayo. Walikimbilia ofisini, Duop nyuma akihema. Afisa aliuliza mgonjwa yuko wapi, na Nyaruach, badala ya kumwonyesha mtoto, alifunua kanga. Afisa alikodoa macho.

"Hii?"

"Ndani kuna maneno ya mwisho ya mama yangu. Daktari wake yuko Nawoitorong, kule Lodwar."

Afisa alimtazama yeye, akaitazama kompyuta, kisha akacheka hadi akafuta macho. Akagonga muhuri. Msafara ulikuwa umeshaanza kutembea walipoparamia gari la Lotiir nyuma!

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Nyaruach aliibeba kompyuta mapajani juu ya sweta la Jal, na kila gari liliporuka aliinua mikono ili mshtuko uishie kwake. Jua lilichoma. Duop alivua shati akamtilia kivuli, na kwa mara ya kwanza tangu bibi afariki alionekana mwenye haya.

Jerotich walimkuta anafua nguo nje ya chumba chake alichopanga Nawoitorong. Alifuta mikono, akaweka sikio juu ya kompyuta Duop alipoiwasha, akaizima haraka.

"Imelia hivi tangu lini?"

Nyaruach alijibu, "Miezi."

"Miezi! Na nakala ziko ngapi?"

"Hakuna."

Jerotich alipiga makofi ya mshangao. "Sikilizeni. Hii diski inakufa. Joto linaimaliza. Tutaipoza, huenda ikaamka kidogo, lakini ikishalala tena sina ahadi."

Aliifunga ndani ya mifuko ya plastiki, akaomba nafasi katika friji ya soda ya jirani. Wakangoja. Jal alicheza na chupa tupu. Kisha Jerotich aliitoa, akaikausha, akaunganisha umeme na kusukuma disketi mpya kwenye kijishimo chake. Akabonyeza.

Tak. Krrr. Kioo kikawaka!

"Imeamka!" Nyaruach alipiga kigelegele hadi majirani wakatoka nje.

"Polepole," Jerotich alisema, lakini naye alikuwa anacheka. Akaanza kuhamisha wimbo mmoja mmoja. "Huo umepita. Na huo umepita!" Kinamama wa jirani, wasiojua hata kinachohamishwa, walianza kuitikia, "Umepita!" Duop alisoma majina ya nyimbo kwa sauti, machozi yakimtiririka. Wimbo wa kuvuka mto, umepita! Wimbo wa njaa, umepita! Kelele ilizidi kupanda, diski ikisaga na kukoroma, ila nyimbo zikaendelea kutoka. Wakafika wa mwisho kabisa.

"Huu ndio wangu," Nyaruach alisema, akashika mkono wa Jerotich. "Ufungue kwanza. Niuone."

Diski ililia kwa muda mrefu. Kisha maneno ya Kinuer yakajitokeza, na Nyaruach akayasoma akiyaimba kwa sauti ya mama yake:

"Nyaruach, binti yangu, usilie nikienda. Kuna neno sikupata kukuambia njiani. Sikiliza, neno lenyewe ni..."

Chini ya hapo palikuwa na alama za ajabu, vijisanduku na nyota, mstari baada ya mstari. Diski iligonga mara moja, ikanyamaza.

Jerotich aliipoza tena. Akaiwasha. Akaipoza mara nyingine, hadi jua likazama. Haikuamka.

Nyaruach alimgeukia mumewe taratibu. "Baba Jal, wewe ulikuwepo. Uliusikia kwa masikio yako. Neno lenyewe ni lipi?"

"Sikumbuki," Duop alisema. "Vidole vyangu viliandika. Mimi nilikuwa nafikiria kitabu."

Nyaruach hakumtukana. Alichukua disketi, akampa. "Basi hizi zilizobaki, watu waimbe."

Na Duop alifanya hivyo. Alitoa nakala kwa kila kanisa kambini, bila kuandika jina lake popote, na Jumapili iliyofuata ngoma zilipigwa Kakuma mpaka vumbi likafunika jua. Nyimbo za bibi Nyagoa zinaimbwa hadi leo. Ule wa mwisho nao huimbwa, kwa maneno yale aliyoyasoma Nyaruach. Wakifika "neno lenyewe ni" ngoma hukatika, na watu wote humtazama Nyaruach, naye hana la kuwaambia.

Mafunzo

Ndugu zangu, chombo kikianza kulalamika, kisikilize siku hiyo hiyo. Kufungulia redio hakukiponyi. Kazi ya maana iwekeeni nakala, na nakala hiyo ikae kwa mtu mwingine, si chini ya mto wako. Lakini zaidi ya hayo, epukeni choyo. Duop aliogopa kuibiwa wimbo, kumbe hakuna mwizi aliyeutaka. Aliyenyimwa ni mkewe mwenyewe. Ukiwa na neno la mtu, mpelekee mwenyewe leo, angali hai aweze kulipokea na wewe ungali unalikumbuka.