Chujio la Bwana Hermani

Unywele ulikuwa mmoja tu, mrefu, mweusi, umejisokota kwenye sponji ya chujio la tangi la samaki. Basili aliuvuta, akautupa, akasonya. Bwana Hermani, fundi wa kombaini katika shamba la ngano la serikali, alikuwa na upara, tena alikuwa likizo kwao ng'ambo. Kabla ya kuondoka alimwambia Basili, mtumishi wake wa nyumbani, neno moja: samaki hawa saba wakifa, asisubiri kufukuzwa kazi, aondoke mwenyewe.

Basi Basili akasafisha. Akazima pampu, akafungua kasha, akakamua sponji kwenye ndoo, akairudisha. Saa nne chujio safi; saa sita limeziba. Akasafisha tena. Saa nane limeziba, na sasa nywele zinajaa konzi.

"Sponji gani hii, inaota nywele kama mbuzi!" alifoka.

"Labda inataka kusukwa," mkewe Fransiska, aliyemletea chakula, alicheka mlangoni. Kisha akanusa, kicheko kikakatika. "Baba Zita, mbona humu kunanuka tope la mtoni?"

Alipoondoka, Basili alichomoa waya wa umeme ukutani, lakini pampu haikunyamaza. Iliendelea kuvuta, taratibu, kama mtu mwenye kiu ya siku nyingi, na kila ilipovuta samaki wote saba waligeuka pamoja wakamtazama, na nywele zikatoka kwenye kasha zikatambaa juu ya kioo, zikitafuta ukingo, zikaupata, zikashuka, mpaka akahisi maji ya baridi sakafuni yakimshika vifundo vya miguu, na yalikuwa na vidole.

Alikimbilia kwa shangazi yake Bernadina, mzaliwa wa kijiji cha Tumati, aliyejua mambo ya maji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Maji ya tangi ulichota wapi?"

"Chemchemini, mlimani. Ya bomba yana dawa, yanaua samaki."

"Ukatia nini ndani?"

"Dawa ya Bwana ya kuchujia maji iliniishia. Nikajaza mkaa. Wa jikoni."

"Masizi!" Bernadina alinong'ona. "Hata sufuria lenye masizi hatulichovyi chemchemini, wewe unamnywesha mwenye chemchemi masizi mchana na usiku? Rudisha maji. Yote, umesikia? Na umwombe radhi."

"Na samaki je?"

"Nimekuambia habari za samaki mimi?"

Alibeba ndoo baada ya ndoo, akamwaga chemchemini, akaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Lakini alibakiza beseni moja, la samaki. Beseni moja tu, alijiambia, la sivyo kazi imekwenda. Shangazi alipomuuliza, alijibu, "Yote."

Siku tisa nyumba ilitulia. Bwana Hermani akarudi, akahesabu samaki, akampiga bega.

"Umenifurahisha, Basili! Ila mkataba wangu umekwisha, nafunga mizigo. Samaki ni wako. Peleka nyumbani."

"Bwana, mimi sina mahali pa..."

"Sitaki kusikia. Ni zawadi."

Hivyo kazi ilikwenda, na beseni likabaki. Basili alijitwika kichwani, akashika njia ya kambi ya wafanyakazi katikati ya mabua ya ngano, na kila hatua beseni liliongezeka uzito, likamkandamiza shingo, likamlemea mabega yote mawili, na alitaka kulitua lakini mikono ilikataa kuliachia.

Fransiska alimwona akikaribia mlango. Akamvuta Zita nyuma yake.

"Baba Zita," alisema polepole, "huyo uliyembeba ni nani?"